Springi za Kilo Sitini na Moja

Mbele ya lile gari ilitugharimu shilingi elfu ishirini na moja, mia nne na hamsini. Nasema mbele peke yake. Injini, fremu na ekseli ya nyuma vilikuwa vimeshalipiwa na mtu mwingine. Nimejumlisha mara mbili, mara ya kwanza kwa penseli nikiwa na miaka kumi na mmoja, mara ya pili juzi kwa simu, na jibu halikuhama. Sikuingiza geti moja la Loresho ambalo Baba aliliacha bila komeo hadi mwenye geti akachoka kungoja, akaenda kwa fundi mwingine. Sikuingiza mahindi pia, ingawa yana sehemu yake katika habari hii. Na fedha zenyewe hazikuwa za gari. Zilikuwa za saruji ya kaburi la kaka yangu Barasa, baki ya mchango uliotolewa na kanisa, majirani na jamaa tulipompeleka kuzikwa nyumbani, magharibi, mwezi wa Juni. Mama alikuwa amezifunga kwenye pindo la leso, leso akaiweka chini ya godoro, na Baba alizitoa huko kidogo kidogo, kila mara akimwambia kiasi alichochukua. Hakuiba. Mama naye hakumzuia. Walizungumza kuhusu zile fedha kama watu wawili wanaosoma saa ya ukutani.

Harufu iliyobaki nami kutoka likizo ile ya Agosti ni ya rangi ya zamani inayoungua. Baba alikuwa fundi wa mageti Kangemi, kwenye uwanja mdogo nyuma ya nyumba yetu ya vyumba viwili, na vyuma alivyotumia kwa gari vilikuwa mabaki ya mageti ya matajiri wa Loresho na Kitisuru. Ukivipitishia moto wa kuchomelea, ile rangi ya kijani ilitoa moshi mzito uliokaa kooni hadi wakati wa chai ya jioni. Agosti ya Nairobi mnaijua. Wingu moja la kijivu linatanda juu ya Waiyaki Way asubuhi, na jioni unalikuta pale pale. Halinyeshi wala haliondoki. Nasi tulikuwa hivyo. Kilio chote kilikuwa kimemalizwa kule kijijini na watu wanaokijua, tukarudi mjini tukiwa watupu, tukaendelea na kazi. Mama alikuwa bado anapakua sahani nne. Mimi nilihesabu sahani, nikahesabu watu, nikahesabu tena, kisha nikarudisha sahani moja kabatini kabla Baba hajamaliza kunawa mikono. Wateja wangu wa siku hizi wanadhani tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili niliipata kwenye biashara. Nawaacha wadhani hivyo, inasaidia bei.

Mtaani hakuna aliyejua amwiteje Baba. Kwetu mzazi huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na kwa miaka ishirini na miwili yeye alikuwa Baba Barasa kwa kila mtu, hata kwa waliomdai. Baada ya mazishi wengine walihamia "fundi", wengine "mzee". Jirani mmoja alijaribu "Baba Nekesa", kwa jina langu, akaona haya katikati ya neno na kumalizia kwa kikohozi. Baba aliitikia yote kwa sauti ile ile. Mtu mmoja tu hakubadilisha chochote, naye ni Bwana Omari, muuza springi wa mjini, ambaye nitafika kwake sasa hivi.

Barasa alikuwa fundi wa magari, ameajiriwa kwenye gereji moja mjini, na kila Jumapili mchana alikuwa akijenga gari lake la mbio kule uwanjani kwetu. Si gari la kununua likapakwa rangi nyekundu. Ni gari la kujitengenezea kutoka bomba la kwanza, la viti viwili, refu na la chini, ukikaa ndani makalio yako yanakaribia kusalimiana na ardhi. Injini aliitoa kwenye gari dogo lililogongwa, ekseli ya nyuma kwenye pikapu iliyokuwa imeoza mwili. Mbele hakukuwa na kitu. Fremu ilikalia mawe mawili ya kujengea, kama mtu aliyepiga magoti. Barasa aliugua Jumatatu, Ijumaa hakuwepo. Aliacha daftari la hesabu lenye kurasa za miraba, limejaa michoro ya mikono ya chuma ya kushikilia magurudumu ya mbele, vipimo vya springi, na katika ukurasa wa mwisho, kwa herufi kubwa: SPRINGI ZA MBELE ZIPIMWE DEREVA AKIWA NDANI. DEREVA KILO 61. FREMU IWE INCHI 5 KUTOKA CHINI. Baba, ambaye magazeti alikuwa akiyatumia kufungia misumari, aliusoma ukurasa ule kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine.

Mama hakutaka kuliona lile gari. Alipoanika nguo aliipa fremu mgongo. Siku Baba alipochukua elfu mbili za kwanza, alisubiri hadi amezitia mfukoni, ndipo akasema sharti lake, mimi nikiwa nachambua mboga katikati yao.

"Shule zikifunguliwa, hicho kitu kiwe kimetoka hapa. Kitoke kwa miguu yake. Kisipotoka, yule kijana wa vyuma chakavu akipime kwa kilo, na mtoto anunuliwe saruji."

"Kitatoka," Baba akasema.

"Kwa injini yake. Si kusukumwa na vijana wa mtaa."

"Kwa injini. Kikitoka?"

"Kikitoka kikae. Mimi nitajua la kufanya na kaburi."

Nimeingia mapatano mengi tangu siku ile, mengine yameandikwa na mawakili wa Hurlingham kwenye karatasi nzito, na machache yalikuwa wazi hivyo. Wiki nne. Kama gari lingetoka, Barasa angebaki chini ya udongo mtupu kwa muda usiojulikana. Kama lisingetoka, kazi yake yote ingepakiwa kwenye mkokoteni na kuuzwa kama mabati ya choo. Hakuna aliyenong'ona wala kununa. Baba alienda kutafuta vyuma, Mama akaendelea na mboga.

Duka la Bwana Omari lilikuwa nyuma ya Barabara ya Kirinyaga, jembamba, springi zimening'inizwa darini kama nyama buchani. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Mombasa, mnene, kofia yake nyeupe ina alama ya kidole cha grisi upande mmoja, mahali anapoishika kuivua. Barasa alikuwa akinunua kwake. Sifa ya Bwana Omari mjini ilikuwa moja: hashushi bei hata kwa ndugu wa tumbo moja. Anaongeza kitu juu yake hadi ushindwe kukataa.

"Baba Barasa," alisema, jina zima, bila kulizunguka, "hizi springi mbili na shokapu zake, elfu sita."

"Nne," Baba akasema.

"Sita, na bushi nne za mpira nakupa bure."

"Nne na nusu."

"Sita, na bushi nane. Na bibie huyu aletewe chai na mahamri."

Baba alikuwa mtu wa kuvutana bei hadi mwenye duka aombe maji, lakini mwaka ule alikuwa anaishia kwenye mara ya pili. Nilimwona ameshatia mkono mfukoni. Sikupanga kusema. Nilikuwa nimehesabu tu, kwenye daftari, na hesabu ilikuwa imekaa mdomoni ikitafuta pa kutokea.

"Mzee," nikasema, "mikono ya mbele ni minne, na kila mkono unafungwa kwa bushi mbili. Hizo nane si za bure. Bila hizo bushi, springi haina pa kufungwa, utakuwa umetuuzia nusu ya kitu."

Bwana Omari aliniangalia, akamwangalia Baba. "Huyu ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi umebakiza mtu," alisema, na akakata mia tano. Kijana wake wa duka aliacha kufagia. Nilikula mahamri matatu bila kusikia ladha yake. Nakumbuka kuhesabu mahamri, sikumbuki utamu.

Kazi ya kutengeneza ile mikono ilikula wiki mbili. Kila gurudumu la mbele hushikwa na mikono miwili ya chuma yenye umbo la herufi A, mmoja chini na mmoja juu, na springi hukaa katikati ikibeba uzito, na shokapu ndani yake ikizuia kudundadunda. Baba alichora umbo kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, akapanga mabomba juu ya chaki, akayachomelea. Alichora la kulia na la kushoto, kwa sababu mtu wa mageti hahitaji kuambiwa kuwa bawa moja la geti haliwezi kuwekwa mahali pa jingine. Alikuwa na mkono mzuri. Ukipitisha kidole kwenye maungio yake huoni mwanzo wala mwisho. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya futi na kutamka namba, kisha kuzitamka tena. Hatukuzungumza lingine. Wiki ya pili ikiisha, mikono minne ilikuwa ukutani imepakwa rangi nyeusi, yote minne mizuri, na yote minne ya urefu mmoja.

Jumamosi Bwana Omari alifunga duka mapema akaja kuangalia vitu vyake vinavyotumiwa. Alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma.

"Baba Barasa, hili si geti."

"Najua si geti."

"Mkono wa juu unatakiwa uwe mfupi kuliko wa chini. Gari likilala kwenye kona, gurudumu libaki limekanyaga. Ukiilinganisha, gurudumu linalala na gari, na dereva analala nalo."

"Bawaba zikitofautiana geti linaanguka," Baba akasema.

"Na gari likilingana linaanguka. Ndiyo nikakwambia si geti."

Baba alienda kuchukua daftari. Mkono wa juu ulikuwa umechorwa mfupi, miraba tisa kwa kumi na nne ya wa chini, na namba zimeandikwa pembeni. Hata mimi nilikuwa nimezitamka, naye akaandika zake. Alikuwa ameziona kila siku. Alidhani kijana alikosea kuchora. Alisimama na lile daftari kwa muda kama mtu aliyepewa chenji isiyotimia, kisha akaitoa mikono miwili ukutani, akaikata, akaanza upya. Hilo lilitula siku sita, na ikabaki wiki moja na ushee shule zifunguliwe.

Sehemu ya bei kali kuliko zote ilikuwa nati. Fundi wa kukereza vyuma, rafiki wa Bwana Omari, alikata hesi, ile mifereji ya kuzungushia nati, kwenye mabomba mawili yaliyovishwa juu ya shokapu, akatengeneza na nati mbili kubwa kama vikombe vya chai, zinazokaa chini ya springi. Ukizungusha nati kwenda juu, gari linainuka upande ule; ukiishusha, linashuka. Elfu saba kwa jozi. Maana ya kulipa elfu saba, Bwana Omari alieleza mara mbili kwa sababu aliona Baba hajibu, ni kwamba dereva yeyote akiingia, mnene au mwembamba, unazungusha tu na gari linakaa sawa. Gari jepesi namna ile linamjua aliyeketi ndani. Kiti kilikuwa upande wa kulia, kwa hiyo springi ya kulia ndiyo ingebeba mtu.

Ilipofika siku ya kupima, Bwana Omari aliuliza, "Dereva ni nani?"

Baba alifungua ukurasa wa mwisho, akauonyesha. Bwana Omari alisoma, akalifunga daftari mwenyewe polepole, akamrudishia. Baba alikuwa na kilo themanini na nane. Bwana Omari alijua, kila mwenye macho alijua.

Kilo sitini na moja zilitafutwa. Mwanzoni mwa likizo nilikuwa nimepimwa kwenye mizani ya kinu cha unga, thelathini na nne, na tukapima mahindi tuliyorudi nayo kutoka kijijini, kilo ishirini na saba ndani ya gunia, likafungwa na kuwekwa kando. Siku ya kazi nikasisitiza tupime tena. Mwenye kinu alinung'unika kwamba mizani yake si ya kanisani. Mimi nilikuwa thelathini na tano. Gunia lilikuwa ishirini na sita, kwa sababu Mama alikuwa analifungua kusaga unga wa ugali. Jumla sitini na moja. Mahindi yalikuwa yamehama tu, kutoka kwenye gunia kuja kwangu.

Nilikaa kwenye kile kiti mchana wa siku tatu, gunia likiwa mapajani, mikono kwenye usukani, miguu haifiki popote. Baba alilala chini ya gari na futi na spana aliyojitengenezea. "Tulia, dereva," alisema. Kisha nati inazunguka robo, kisha ananiambia nishuke, nipande tena, kwa sababu springi inadanganya ukiikalia mara moja. Nilikuwa nikingoja akosee aniite Barasa. Hakukosea hata mara moja. Kutoka pale chini niliona kidogo sana, ukuta wetu, nguo za kuanika, na miguu ya Mama ikipita kwenda bombani na kurudi. Siku ya kwanza miguu ilipita bila kusimama. Siku ya tatu ilisimama nyuma yangu, nikasikia maji yakitikisika ndooni, kisha ikaendelea. Gunia lilinibana pumzi. Nilikuwa nafikiri kwamba huu ndio ukubwa wa Barasa, hivi ndivyo alivyokuwa akijaza mahali, na sikuhisi kitu, nilikuwa nathibitisha tu.

Jioni ile futi ilisoma inchi tano kulia, inchi tano kushoto. Tulisoma mara mbili. Baba akaniambia nishuke niende mbali. Nilidhani anataka kufungua kitu. Alivaa miwani ya kazi, akawasha mashine ya kuchomelea, akapitisha moto kuzunguka nati ya kulia, kisha ya kushoto, hadi nati na bomba vikawa chuma kimoja. Mtu wa mageti hawezi kuacha kitu kinachozunguka bila kukichomelea. Komeo likilegea, mwizi anaingia. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa Baba, Bwana Omari alipokuja kesho yake na kushika kichwa. "Elfu saba," Bwana Omari alisema, mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. "Umeifunga. Sasa ni ya mtu mmoja."

"Nati isipochomelewa itatoka," Baba akasema.

Sikumuuliza kama ni mazoea ya kazi au ni kusudi. Muda wa kuuliza ulikuwepo, miaka mingi tu.

Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa, kijana wa vyuma chakavu alikuja saa tatu asubuhi na mkokoteni na mizani ya kuning'iniza. Mama ndiye aliyemwita, kwa kuwa siku ilikuwa siku. Alizunguka gari akiligonga kwa ufunguo.

"Mathe, hii tunapima na injini ama injini ni ya pembeni?"

"Ngoja kwanza," Mama akasema. "Ukiona halitoki, ndiyo upime."

Baba aliketi kwenye kiti. Injini iliwaka mara ya nne. Gari lilisogea, na kwa hatua kumi hivi lilikuwa gari, na magurudumu ya mbele yaliyokuwa hayapo mwezi mzima yalikuwa yanazunguka kama yamekuwepo siku zote. Kisha likafika getini. Katikati ya geti letu, mahali mabawa mawili yanapokutana, Baba alikuwa amesimika kipande cha reli kwenye saruji, cha kuzuia geti, kimeinuka inchi nne na nusu. Geti lenyewe lilikuwa jembamba, huwezi kukikwepa. Kwa dereva wa kilo sitini na moja fremu ingepita juu yake na nafasi ya kidole. Kwa dereva wa kilo themanini na nane upande wa kulia ulikuwa umelala, na tukasikia chuma kikikuta chuma. Gari likasimama. Baba alirudi nyuma, akajaribu tena. Sauti ile ile. Geti alilolijenga mwenyewe lilikuwa limemkatalia.

"Hiyo imekataa," kijana wa vyuma akasema, akaanza kufungua kamba ya mizani.

Bwana Omari, aliyekuwa amekuja kushuhudia, mwenye kilo mia na ushee na asiyewahi kuendesha chochote, alikuja na jibu la haraka. "Kata pale ulipochomelea, Baba Barasa. Tuinue nati mizunguko miwili. Dakika tano." Ilikuwa kweli. Baba alizima injini, akaenda ndani, akarudi na grainda, ile mashine ya kukata chuma, waya ukiburuta nyuma yake. Alipiga magoti kando ya gurudumu la kulia. Aliiweka ile sahani ya kukatia karibu na nati, akakaa hivyo bila kubonyeza. Nilihesabu hadi arobaini.

"Unakata nini?" Mama aliuliza.

"Hizi nati."

"Usikate."

Alikuwa amesimama na taulo la jikoni. Kumbukeni kwamba yeye ndiye aliyekuwa anashinda. Angemwambia tu kijana wa vyuma apime, saruji ingekuwa yake. Alikuwa mwanamke wa kilo sabini kabla ya Juni. Leso aliyokuwa akiizungusha kiunoni mara moja sasa aliizungusha mara mbili. Alimpa Bwana Omari taulo, kana kwamba Bwana Omari ni msumari wa ukutani, akapitisha mguu juu ya ubavu wa gari, akaketi. Gari lilishuka kidogo na kutulia sawa. Nilipiga magoti nikaweka futi bila kutumwa na mtu. Inchi tano kulia. Inchi tano kushoto.

"Mama Barasa," Baba akasema, "hujui gari."

"Barasa alinifunza. Kwa pikapu ya gereji yake. Jumapili jioni, mkidhani niko kwenye kikao cha akina mama."

Aliwasha, akakanyaga, akaingiza gia bila kuangalia chini. Fremu ilipita juu ya reli, nikaona mwanga mwembamba katikati yao, mwembamba kama ukingo wa sahani. Alitoka getini, akaenda na njia ya vumbi hadi inapokutana na lami, akangoja pikipiki ipite, akageuza, akarudi. Alilisimamisha mahali pale pale lilipokuwa juu ya mawe. Alishuka, akachukua taulo lake.

"Usukani ni mzito," alisema, akaingia jikoni kuangalia maharagwe.

Kijana wa vyuma alipewa chai na akaondoka na mizani yake. Baba alirudisha grainda ndani, akaviringisha waya vizuri. Kaburi lilibaki udongo. Jumatatu nikaenda shule. Mama aliliendesha lile gari mara tatu tena katika maisha yake, kila mara hadi lami na kurudi, na Baba hakuketi tena kwenye kile kiti. Sahani zilibaki nne hadi Krismasi, kisha siku moja zikawa tatu. Nilihesabu tena, zilikuwa tatu.

Siku hizi ninauza springi mimi mwenyewe, si mbali na pale duka la Bwana Omari lilipokuwa, na katika miaka yote hii sijamuuzia mtu nati bila kumwonya asiichomelee. Baba amelala karibu na Barasa. Makaburi yote mawili yana saruji. Nilinunua mifuko kumi na sita, nikaihesabu nilipopakia na nilipopakua, na bado mmoja ulipotea njiani, jambo ambalo sijalisamehe. Zamani tulikosa fedha za saruji tukawa na gari linalomjua mtu mmoja. Sasa saruji ipo, na gari liko chini ya turubai kwenye maegesho ya nyumba ninayopanga Hurlingham, na msimamizi wa jengo ananiuliza kila mwisho wa mwezi kama kile ni kitu au ni takataka.

Kuna mnunuzi. Kijana wa Kitisuru, mwenye adabu, anakusanya magari ya kujitengenezea, na ana kilo mia moja na nne; nilimuuliza. Aliinama akaangalia mbele, akasema kazi ya chuma ni safi kuliko aliyowahi kuona, ila yule fundi alikosea kuchomelea nati, lakini si kitu, atazikata. Nimepandisha bei mara mbili na amekubali mara mbili. Katika kazi yangu mtu anayevuta bei ni riziki, na anayekubali ni tatizo, kwa sababu sina tena pa kujificha. Nilimpigia Mama simu kijijini kumweleza. Nilisikia kuku, kisha akauliza, "Ana kilo ngapi?" Nilipomwambia alisema sawa, akaniuliza kama nimekula.

Wiki iliyopita nilipita kwa wale wapima uzito wa kando ya njia mjini, nikatoa shilingi kumi, nikapanda mizani. Sitini na moja. Nikavuka barabara, nikampa mwingine kumi yake. Sitini na moja na nusu, lakini nilikuwa nimeshika mkoba. Kuendesha ninajua. Kiti ninakijua zaidi. Kijana anakuja Jumamosi hii na fedha mkononi na grainda kwenye buti la gari lake, na mimi nimeishi kwa kujua bei ya kila kitu kinachoshika gurudumu. Hiki nimekipima kila upande, mara mbili, na hesabu haitoki. Ninyi mnaosoma, mliowahi kuuza kitu cha namna hii au kukataa kukiuza, niambieni kabla ya Jumamosi: nimwache akate?